Ekari 40 za changarawe Kongwa: nimenunua shamba au nimenunua barabara?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni nesi mstaafu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Miaka kadhaa iliyopita mimi na marehemu mume wangu tulinunua ekari 40 wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, tukitaraji kulima alizeti tukistaafu. Msimu uliopita nilipeleka trekta. Dereva alilima ekari tatu akasimama, akasema sahani za jembe zinalika, ardhi yote ni changarawe. Alizeti iliota vizuri, Februari ikanyauka yote. Jirani yangu wa kule ananiambia sikuuziwa shamba, niliuziwa barabara. Sasa kuna kijana mwenye lori anataka kununua hiyo changarawe kwa tripu. Nimwachie? Au ardhi ya namna hii ina kazi nyingine?

Jibu: Shikamoo mama. Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa alizeti.

Nianze na la haraka, maana mwenye lori haishi kupiga simu: mwambie asubiri. Hukuuziwa barabara. Uliuziwa ardhi ya malisho, ukaipelekea zao linalotaka ardhi ya aina nyingine. Hujawa wa kwanza. Kila mwaka nakutana na watu wa hapa Dar walionunua mashamba Dodoma, Singida au Manyara, wamerudi na huzuni hiyohiyo, na wengi wao wameshaiharibu ardhi kabla ya kuuliza. Wewe umeuliza mapema, umelima ekari tatu tu kati ya 40.

Sisi wa Dar changarawe tunaijua ikiwa juu ya lori. Tunaijua kama kifusi cha kujazia uwanja, au kama barabara ya mtaa inayongoja lami. Udongo kwetu ni kichanga cha Mbagala, au tope la Jangwani mvua zikizidi. Kwa hiyo mtu akikuta changarawe shambani, mawazo yanamkimbilia kwenye ujenzi. Lakini katika nyanda kavu za nchi yetu, kuanzia vilima vya Kondoa hadi Umasaini, changarawe ni sehemu ya udongo kama mfupa ulivyo sehemu ya nyama, na majani, miti na mifugo vimeishi nayo tangu zamani.

Kwa watu wa fani yangu ya udongo, punje yoyote inayozidi milimita 2 haihesabiwi kuwa udongo laini. Kuanzia hapo hadi sentimita 7 na nusu tunaiita changarawe, na zaidi ya hapo ni mawe. Ikichukua asilimia 15 hadi 35 ya ujazo wa ardhi, tunasema udongo una changarawe. Ikifika 35 hadi 60, una changarawe nyingi. Ikivuka 60, udongo wenyewe umebaki wa kujaza nafasi tu kati ya kokoto. Tofauti ya ngazi hizo ni tofauti ya kuvuna na kutovuna, na macho hayawezi kukuambia uko ngazi ipi, kwa sababu juu ya ardhi kokoto huonekana nyingi kuliko zilivyo chini. Ndiyo maana nakuomba upime. Huhitaji maabara.

Chagua mahali panapofanana na shamba kwa ujumla, pasiwe kwenye kichuguu wala kwenye njia ya ng'ombe. Chimba kishimo cha upana wa sufuria ya wali, kina cha sentimita 20 hivi, na udongo wote unaotoka uweke kwenye turubai, usipotee hata ngumi moja. Tandika nailoni laini ndani ya kishimo, ishike kuta zake, kisha mimina maji kwa kipimo cha lita hadi yafike usawa wa ardhi. Hapo umeujua ujazo wa shimo. Sasa chekecha ule udongo kwa wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Matundu yake ni madogo kidogo kuliko milimita 2, lakini kwa kazi hii yanatosha. Kilichobaki juu ya wavu kioshe mpaka madonge yote ya udongo yayeyuke, zibaki kokoto tupu. Chukua ndoo yenye mistari ya lita, tia maji, soma yamefika wapi, tumbukiza kokoto, soma tena. Tuseme shimo lilikunywa lita 8, na kokoto zimepandisha maji kwa lita 3.6. Basi asilimia 45 ya ardhi yako ni jiwe. Rudia sehemu nne au tano, maana shamba la ekari 40 halifanani pote.

Kisha mtafute kijana mwenye sururu akuchimbie shimo moja la kusimama mtu, lifike mita moja au hadi sururu igome. Hilo shimo lina thamani kuliko ushauri wangu wote. Ukiona kokoto zinaendelea chini na katikati yake mizizi imejipenyeza kama nywele kwenye kitana, hiyo ni habari njema. Ukikuta mwamba uliooza wenye nyufa, si mbaya pia, mizizi ya miti hupita humo. Ila ukikuta tabaka gumu lisilo na ufa, jekundu la chuma au jeupe la chokaa, pima ni sentimita ngapi kutoka juu na uandike, kwa sababu hapo ndipo shamba lako linapoishia, hata kama hati inasema ekari 40.

Sasa nikueleze kilichoiua alizeti.

Kokoto ya mwamba mgumu haishiki maji. Maji yote ambayo mmea utakunywa yako kwenye udongo laini uliobaki. Udongo tifutifu wa kichanga, kama ulivyo mwingi wa maeneo yale, hushika takriban milimita 12 za maji ya kutumiwa na mmea katika kila sentimita 10 za kina. Milimita moja ya mvua, mama, ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Shamba likiwa na changarawe asilimia 45, zile 12 zinabaki 6.6. Kama kina ni sentimita 50 tu kabla ya tabaka gumu, ghala zima la maji ni milimita 33. Alizeti ikikaribia kuchanua, kwa jua la Dodoma, hunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Gawanya mwenyewe: ghala linaisha siku ya sita.

Dodoma hupata mvua za milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu nusu ya mvua za Dar, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mvua hukatika wiki mbili au tatu. Alizeti inasifiwa kwa kuvumilia ukame, na sifa hiyo ni ya haki, lakini huvumilia kwa mzizi wake mrefu. Kwenye udongo usio na kokoto, wenye kina cha mita 1.2, ingekuwa na ghala la milimita 144, yaani siku 25 hivi. Kwako mzizi ulifika ukingoni ukakosa pa kwenda. Mbegu haikuwa na kosa, na wewe hukuchelewa kupanda.

Mimi mwenyewe nilijifunza hesabu hii kwa gharama ya mtu mwingine, na bado inaniuma. Nilipoanza kazi nilimpa mkulima mmoja ushauri wa mbolea kwa kufuata karatasi ya maabara. Maabara zote huchekecha sampuli kwa chekeche la milimita 2 kabla ya kupima. Kokoto hutupwa, na majibu yanayorudi ni ya udongo laini peke yake. Sikumuuliza kokoto ni kiasi gani. Shamba lake lilikuwa zaidi ya nusu jiwe, kwa hiyo mbolea niliyompimia ilikuwa ya udongo mara mbili ya aliokuwa nao, na mvua ya kwanza kubwa iliishusha nyingi chini kusikofikiwa na mizizi. Alikuwa ameuza mbuzi kununua mbolea ile. Kwa hiyo ukipeleka sampuli Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, na nakushauri upeleke, ambatanisha karatasi yenye asilimia uliyoipata kwa ndoo yako, umwombe mtaalamu apunguze vipimo kulingana nayo. Na mbolea yoyote kwenye changarawe itolewe kidogokidogo, isimwagwe yote siku moja.

Hiyo ni hasara ya changarawe. Faida yake watu hawaisemi, na ndiyo itakayokulipa.

Mvua ndogo ya milimita 10 ikianguka kwenye udongo mkavu usio na kokoto, hulowanisha sentimita 8 za juu, na jua la siku mbili tatu linazinywa karibu zote. Mvua hiyohiyo kwenye ardhi yenye changarawe asilimia 45 inazama sentimita 15, kwa sababu maji hayana nafasi ya kukaa juu. Yakishafika huko, jua haliyapati kwa urahisi. Mazao ya msimu hayafaidiki sana na hilo, maana yanataka ghala kubwa. Lakini nyasi za kudumu na miti ambayo mizizi yake imeshatangulia chini huvuna kila manyunyu. Katika nchi kavu utaona mara nyingi mgunga umesitawi kwenye kilima cha kokoto kuliko kwenye mfinyanzi wa bondeni. Watu hushangaa, lakini sababu ni hiyo.

Faida ya pili ni gamba. Kokoto zilizolala juu ya ardhi huupokea mshindo wa tone la mvua, udongo usirushwe na kusombwa, na hukinga unyevu usikaushwe na upepo. Kule Gansu, China, wakulima wametandaza kokoto na mchanga juu ya mashamba yao kwa zaidi ya miaka 300 ili walime matikiti kwenye ukame. Wanabeba kwa mikokoteni kile ambacho wewe umepewa bure.

Ila gamba ni la aina mbili, na hapa nakuomba uiname. Okota kokoto moja. Ikitoka kirahisi, na chini yake udongo una rangi ya giza kidogo, pengine na sisimizi wanakimbia, gamba lako ni zima. Ikiwa kokoto imeng'ang'ania kama karanga kwenye kashata, na kuizunguka udongo umekuwa utando mgumu unaong'aa, basi kokoto hizo hazikusaidii tena, zinafanya kazi ya bati. Maji yanateleza juu yake yanakwenda kwenye korongo. Utando huo hutokana na kwato nyingi mahali pamoja, moto wa kila mwaka, au jembe lililokata majani. Nashuku zile ekari tatu zilizolimwa zinaelekea huko.

Angalia pia vishina vya nyasi. Kama kila kishina kimesimama juu ya kigoda kidogo cha udongo na mizizi yake iko nje, ardhi imeshuka na nyasi zimebaki pale ilipokuwa. Hapo changarawe unayoiona haikuwa juu zamani. Katika ardhi nyingi za ukanda wetu kokoto huwa tabaka la chini, na udongo laini wa juu ni kazi ya mchwa waliopandisha chembe ndogo kwa maelfu ya miaka, kwa sababu mchwa hawezi kubeba kokoto. Udongo huo ukisombwa, kokoto zinabaki uwanjani. Ndiyo maana udongo wa kichuguu ni laini na hauna kokoto, na ndiyo maana wakulima huuchukua kutia kwenye mashimo ya miche. Lakini usivunje vichuguu vyote, mama. Mchwa bado wako kazini.

Jambo jingine la kutazama ni shamba limekaa wapi kwenye mteremko. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, aliipa dunia neno katena, yaani mnyororo: alionyesha kuwa kutoka juu ya kilima hadi mbugani udongo hubadilika kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima. Neno lake linafundishwa vyuoni kote duniani hadi leo. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luguru ya mawe kilimani, luseni ya kichanga chini yake, itogolo, ibushi yenye chokaa, ibambasi ngumu isiyopitisha maji, hadi mbuga nyeusi. Nakutajia haya kwa sababu ekari 40 zinaweza kuwa na pete mbili au tatu. Tembea kutoka mpaka wa juu hadi wa chini ukibeba sururu. Inawezekana chini kabisa, karibu na korongo, kuna ekari nne au tano zenye kina, kokoto kidogo na rangi nyeusi zaidi. Hizo ndizo za mtama, uwele na kunde. Uwele uupe nafasi ya kwanza, unastahimili kuliko mtama. Mahindi usijaribu.

Na kokoto zenyewe zisome. Zikiwa nyeupe zenye kona, ni kwatzi iliyobaki baada ya mwamba wa matale (graniti) kuoza. Udongo wake huwa na rutuba ndogo, nyepesi kusombwa. Zikiwa za mviringo, nyekundu au kahawia, za ukubwa wa choroko au mbaazi, ni za chuma, na hiyo ndiyo moramu ya barabara anayoitaka mwenye lori. Zikiwa nyeupe laini na ukizitonea siki zinatoa povu, ni chokaa. Ya chokaa huwa na tabu kwa mazao, majani yanageuka manjano kwa kukosa chuma na zinki, lakini kwa malisho ni neema. Ule uwanda wa nyasi fupi wa kusini mashariki mwa Serengeti umekaa juu ya majivu ya volkano yaliyoshikana na chokaa. Tabaka gumu liko karibu, miti haioti, na kila mwaka kati ya Januari na Machi nyumbu huenda kuzalia huko kwa sababu nyasi zake zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Ardhi ambayo trekta lingeikataa ndiyo inayolea kundi kubwa la wanyama wanaohama.

Tufike kwenye majani, ambayo naamini ndiyo zao lako.

Kongwa yenyewe ina historia ya jambo hili. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe uliozunguka kwa wiki tisa tu, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ikawa kituo cha kwanza. Matrekta yalikuja kwa mamia. Udongo ule mwekundu wenye mfinyanzi na chembe kali za mchanga ulikula vyuma vya majembe, na jua lilipouchoma ukawa kama tofali, karanga hazing'oki. Mvua nazo zilikatika. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Na ardhi ile ikafanywa nini? Ranchi. Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo, pamoja na kituo cha utafiti wa malisho. Dereva wako aliyelalamikia sahani za jembe alikuwa anarudia maneno ya madereva wa mwaka 1947.

Nyasi ninayokushauri ni ile wataalamu wa malisho wanaiita Cenchrus ciliaris, ambayo Kongwa wanaijua sana. Inapenda ardhi isiyotuamisha maji, mizizi yake inakwenda chini sana, na ikishashika hata ukame wa miezi saba hauing'oi. Usinunue mbegu iliyovunwa juzi, maana mbegu mbichi hulala. Nzuri ni iliyokaa ghalani mwaka mmoja hivi. Kilo 2 kwa ekari zinatosha. Usiite trekta. Kwaruza mistari myepesi kwa jembe la mkono kukingama na mteremko, nyunyiza mbegu, funika kidogo sana, isizidi sentimita moja na nusu, halafu rudisha kokoto juu. Anza na zile ekari tatu zilizolimwa, ndizo zinazovuja damu. Kwenye nyingine 37 huenda huhitaji kupanda kitu, unahitaji kufunga tu.

Kufunga kunaweza mengi. Kule Kondoa, vilima vilikuwa vimechunwa hadi kokoto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeharibika zaidi. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa wenye mifugo na sitaki kuusifia kirahisi. Lakini majani na miti vilirudi juu ya kokoto zilezile ambazo watu walisema zimekufa. Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi kikikaza. Hakuna utaalamu wa kigeni uliozidi huo kwa ardhi kama yako.

Tufanye hesabu, usije ukanunua ng'ombe thelathini kwa furaha. Ekari 40 ni hekta 16. Tuseme kila hekta itakupa tani moja ya majani makavu kwa mwaka. Kwenye changarawe usile zaidi ya theluthi moja. Nyingine ni ya kulinda gamba na ya mchwa. Unabaki na tani 5 na kidogo. Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 na robo kwa siku, zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Kwa hiyo shamba lako linalisha ng'ombe wawili mwaka mzima. Najua ni wachache. Lakini majani hayohayo, ukiyafunga Desemba hadi Agosti, yanalisha ng'ombe 14 kwa siku 60, tena katika Septemba na Oktoba, miezi ambayo majani ya wengine yamekwisha na bei ya malisho iko juu. Unaweza kununua madume yaliyokonda, ukayanenepesha na mashudu ya alizeti juu ya majani yako, ukauza. Unaweza kukodisha malisho kwa majirani kwa makubaliano ya maandishi mbele ya serikali ya kijiji. Au unaweza kukata majani ukafunga marobota, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Mbuzi kumi huhesabiwa kama ng'ombe mmoja, nao hula vichaka, kwa hiyo wachache wanaongezeka bila kubana nyasi.

Jambo moja nakuomba ulichukulie kwa uzito: nenda ukakae na wafugaji wa pale kabla hujafunga. Shamba lako limekaa miaka bila mtu, bila shaka kuna njia ya ng'ombe inayopita humo kwenda majini. Iache njia hiyo, iwekee mipaka ya minyaa au mkonge, wajue umeiheshimu. Ugomvi wa wakulima na wafugaji mara nyingi huanzia kwenye njia ya maji iliyozibwa na mtu wa mjini.

Kwa miti, usikimbilie maembe. Tazama visiki vinavyochipua. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, pogoa mengine, mti unarudi kwa mzizi ulioko chini tayari. Kule Dodoma njia hiyo inaitwa Kisiki Hai na wengi wanaifanya. Ukitaka kupanda, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tenga kokoto, jaza udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza, panda mkwaju, mbuyu au mwarobaini mvua za kwanza, halafu kokoto zote zirudishe juu kuzunguka mche. Mizinga ya nyuki ikitundikwa kwenye migunga, utapata asali bila kugusa ardhi. Mawe makubwa kuliko ngumi yaokote uyapange mistari ya kukinga maji kwenye mteremko, lakini kokoto ndogo usizifagie kamwe.

Kama mnafikiria kujenga, jenga palipo na changarawe, msingi utatulia. Mbuga nyeusi hupasua nyumba. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kwenye changarawe mimi ningeongeza, maana maji machafu hupita upesi. Lambo usilichimbe hapo, halitashika maji. Lichimbwe chini kwenye mfinyanzi.

Nirudi kwa kijana wa lori. Changarawe ya ujenzi nayo ni madini kisheria. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 mwenye kuichimba anatakiwa awe na leseni kutoka Tume ya Madini. Hati yako ya ardhi pekee haikupi ruhusa ya kuiuza. Mwulize leseni yake iko wapi. Halafu piga hesabu hii: ekari moja ikichotwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo zaidi ya 1,200, yaani tripu 120 za lori la mita 10. Atakulipa mara 120, na hapo palipochotwa patabaki shimo tupu, na akizidisha kina, shimo ambalo mtoto wa mtu anaweza kutumbukia. Udongo ule haurudi katika maisha yangu, yako, wala ya wajukuu zako. Kama siku moja shida itakubana kweli, basi iwe kona moja iliyopimwa, mwenye leseni, udongo wa juu utengwe na urudishwe, kuta zilazwe. Mimi nisingefanya.

Mvua za Kongwa huanza Desemba. Kabla ya hapo unaweza kupanda treni asubuhi pale Stesheni, ukachimba vishimo vyako vitano na shimo moja kubwa, ukalala, ukarudi kesho yake. Nenda na ndoo yenye mistari, kipande cha wavu, nailoni, chupa ya siki na daftari. Ukirudi nitumie namba tatu tu: asilimia ya kokoto, kina hadi sururu ilipogoma, na rangi ya kokoto. Kwa hizo nitakuambia ekari zipi ni za uwele, zipi za kupanda nyasi, na zipi za kufunga na kuziacha.